Huyu mkunja majani kanidhalilisha mbele ya mama mkwe

Wakuu nimevurugwa, hata chai sijanywa. Sina haja ya kumtaja, yule wa kwenye bamia mnamjua. Leo asubuhi mama mkwe kapita bustanini kwangu, kaona jani limeviringwa kama karatasi ya karanga, akalifungua. Ndani kiwavi wa kijani, kichwa cheusi, kajilaza juu ya mavi yake. Mama kaniangalia weee, akasema, "Kumbe baba unafuga."

UNAFUGA!!

Sasa mimi nimemleta? Mama yake ni kanondo ka rangi ya maziwa yaliyochacha, kana vimistari vya kahawia, kanakuja usiku watu tumelala, kanabandika mayai chini ya jani, kanasepa. Vitoto vikitoka vinatafuna pamojapamoja huko chini, vikikua kila mmoja anajijengea, anavuta ukingo wa jani na kuushona kwa uzi wake, anakula humo, ananya humo, anageuka pupa humohumo, yaani analala kwenye ganda, mwezi mmoja hivi anatoka na mabawa, mimi nabaki na chandarua. Kodi hajalipa hata mia. Halafu eti NAFUGA. Mbele ya mke wangu!

Mlenda Original: Mkuu mama hajakosea, chumba chakula choo ndani, huo ni ufugaji wa kisasa 😂

Msukuma wa Pamba: Huku kwenye pamba ndo usiseme. Choya, ile ya juisi nyekundu, nayo anaila, ukoo mmoja na bamia.

Mlenda Original: Baba unafuga 😂😂

Mleta uzi: Dawa nimepiga mara tatu nyie!

Bibi Shamba: Umepulizia paa, mwenye nyumba yuko ndani. Minya hayo majani kwa vidole asubuhi, au yachume uchome. Na mabaki ya bamia ukishavuna usiyaache shambani, pupa anajificha humo.

Dogo Mjengo: Nondo ya milimita 12 au 16?

Mleta uzi: Nondo MDUDU wewe. Turudi kwenye mada, mtu mzima anaambiwa anafuga...

Dogo Mjengo: Maana mie fundi kanikatia nondo fupi, lenta imepinda kama ndizi.

Msukuma wa Pamba: Mafundi!! Wangu kachukua advansi kaenda msibani, msiba wa tatu huu, bibi yuleyule.

Bibi Shamba: Wangu kaweka mlango unafungukia ukutani.

Dogo Mjengo: Picha tafadhali