Naomba ushauri: vizibo vya masikio au vifunika masikio kwa kazi ya kuvunja zege?

Fundi_Zege: Wakuu habari. Mimi ni fundi ujenzi, miaka yote navunja zege kwa jakihama na kukata nondo kwa grinda. Nikitoka saiti masikio yanalia wiii mpaka usiku. Nataka kununua kinga. Nichukue vizibo vya sponji vya kuingiza ndani, au vile vifunika vikubwa vya kuvaa juu? Wenye uzoefu nijibuni haraka, nina wiki hii tu.

Mzee_wa_Plasta: Pamba inatosha kijana. Sisi tumepandisha maghorofa kwa pamba.

Dada_Usalama: Shikamoo mzee wangu, lakini pamba haizuii kelele ya saiti. Mleta mada, jakihama inafika desibeli 100 na kupita. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inapendekeza mwisho uwe desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebaki na dakika 15. Ndiyo maana ukivua kinga kidogo tu ili uongee na mtu, faida kubwa imepotea. Sponji iviringishe iwe nyembamba, mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia hadi ivimbe. Ikining'inia nje hujavaa kitu. Kwa jakihama vaa vyote viwili, ila usijumlishe namba zake za kupunguza kelele. Cha pili kinaongeza kama desibeli 5 hivi.

Kijana_Nondo: Foremani wetu akianza kugomba anaipita jakihama. Kwake mimi navaa vyote viwili 😂

Mama_Upole: Vijana mnajimaliza wenyewe. Mchana jakihama, usiku muziki masikioni. Baba yangu aliendesha mashine ya kuchanganya zege maisha yake yote. Uzeeni akaacha kukaa na watu barazani, tukadhani anajisikia. Kumbe alikuwa hafuati mazungumzo, anaona aibu kusema "rudia" kila mara. Mimi mwenyewe nilishamnunia kwa hilo, na bado linaniuma.

Mpiga_Swali: Pole mama. Fundi, "nina wiki hii tu" maana yake nini? Masikio yanalia miaka, leo kuna haraka gani?

Fundi_Zege: Ni mambo ya kazini tu mkuu. Tuendelee na kinga.

Mpiga_Swali: Kuna kitu umekificha. Ukitaka ushauri, toa habari yote.

Fundi_Zege: Basi. Nilipata mafunzo nikawa mwelekeza kreni. Siku tusipoinua mizigo narudi kwenye grinda. Juzi mpokeaji wa mzigo huko juu alisema redioni "sitisha", mimi nikasikia "shusha", nikampa opareta hivyo hivyo. Mzigo ukagonga jukwaa, mtu akaruka pembeni. Hakuumia. Sasa wote tunapimwa masikio. Kuna jamaa ana masikio mazima, amekubali kwenda kwa jina langu. Msinihukumu, hii ndiyo kazi inayolisha nyumba. Nikishapata kinga nzuri masikio yatapumzika yarudi.

Jicho_Kali: Chai hii. Kreni inaelekezwa kwa ishara za mikono, masikio ya nini? Halafu mtu wa jakihama akabidhiwe kreni? Mods fungeni uzi.

Kijana_Nondo: Mimi hiyo "sitisha, shusha" ndiyo imenitia shaka. Imekaa kama imetungwa.

Fundi_Zege: Nitunge ili nipate nini? Mzigo ukienda nyuma ya jengo opareta haoni mikono yangu. Hapo ni redio tu.

Opareta_Juu: Mimi naendesha kreni ya mnara, na hapo anasema kweli. Kuna mizigo naishusha bila kuiona, naifuata sauti peke yake. Sauti ikinyamaza nasimama. Ila sauti ikiniambia "shusha" kwa uhakika, nashusha.

Jicho_Kali: Hata kama. Watu hutunga.

Dada_Usalama: Tunga wewe uone kama utajua kuchanganya maneno hayo. Kelele huanza kula sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, kwa hiyo s, sh, f na t ndizo zinazopotea mapema. Mtu anasikia kwamba anaongeleshwa, lakini hapati neno. Fundi, masikio hayatarudi kama unavyofikiri. Uziwi wa muda baada ya zamu hupungua ukipumzika, ila vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Tatizo liko sikio moja au yote? Lilikuja ghafla?

Fundi_Zege: Yote. Polepole.

Dada_Usalama: Sawa. Lingekuwa moja na la ghafla ningekwambia umuone daktari leo leo. Hata hivyo aangalie, huenda kuna nta imeziba. Na huyo jamaa akipimwa kwa jina lako, faili litasema masikio yako ni mazima. Siku ukidai fidia utaonyesha nini?

Fundi_Zege: Hilo sikuliwaza. Lakini nikifeli wananitoa kwenye kreni.

Opareta_Juu: Wakutoe. Chini ya ndoano kuna watu wanaolisha nyumba pia.

Mzee_wa_Plasta: Mimi nauliza, hivyo vifunika vinakaa vizuri na kofia ngumu?

Dada_Usalama: Vipo vya kubana kwenye kofia mzee. Fundi, nenda mwenyewe, na ukae saa 14 mbali na kelele kabla ya kipimo, usije ukapimwa na uchovu wa zamu.

Fundi_Zege: Kipimo ni asubuhi, na jioni ya kuamkia siku hiyo nimepangiwa grinda. Nikiomba nibadilishiwe wataniuliza sababu.

Dada_Usalama: Sema una kipimo cha masikio. Wao ndio waliokiitisha.

Fundi_Zege: Na jamaa nimwambieje? Ameshaomba ruhusa.

Opareta_Juu: Mpigie usiku huu asiende. Na kesho redio ashike mwingine, usisubiri majibu.