Mbona Rosa tunamlilia, Kazimoto hapana?

Mleta Mada: Wakuu, nimerudia Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), zote za Kezilahabi. Rosa na Kazimoto wote wapweke, wote wanajiua. Rosa amenitoa machozi. Kwa Kazimoto nilifunga kitabu nikaenda kula. Upweke si ule ule?

Sauti ya Kijiweni: Rosa kapigwa mbele ya macho yetu. Barua tu ya mvulana, Charles, na Zakaria, baba mtu, akamcharaza. Kazimoto kapigwa na nani? Msomi wa chuo kikuu, anajihurumia mwenyewe mwanzo mwisho. Ila akina dada nao, riwaya yoyote machozi.

Binti Nansio: Akina dada wametokea wapi? Aliyelia ni mleta mada. Soma kwanza ndiyo uandike.

Kalamu Butu: Mimi naona ni msimulizi. Kazimoto anajisimulia, kwa hiyo kila ubaya wake tunaukuta kichwani mwake bado wa moto. Rosa tunasimuliwa na mtu mwingine, anatuachia nafasi ya kumtetea.

Sauti ya Kijiweni: Binti, nimetania tu. Usipandishe.

Binti Nansio: Utani huo huo ndio unaozaa "Rosa alijitakia".

Sauti ya Kijiweni: Sijasema alijitakia! Japo kule shuleni hakuna aliyemshika mkono kumpeleka kwa wanaume.

Mwalimu wa Zamu: Ndiyo hiyo sasa! Darasani wavulana husema hivyo hivyo. Huwa nawauliza: binti aliyekatazwa hata kusalimiana na mvulana, siku akiwa mbali na fimbo ya baba atajuaje nani wa kumwamini? Wanaanza kuangalia dirishani.

Babu Asiyezeeka: Walimu nanyi mmezidi. Kitabu hiki cha Rosa kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, leo mnawasomesha watoto. Na Regina je? Mama mtu mzima, binti anaharibika anatazama tu.

Binti Nansio: Regina naye alikuwa anapigwa, babu! Angemkinga kwa mgongo upi?

Mwalimu wa Zamu: Shikamoo babu, lakini marufuku ndiyo ilifanya tukisome chini ya dawati.

Sauti ya Kijiweni: Basi nisemeni mtakavyo: mpweke hasa mle ndani ni Zakaria. Baba mwenye nyumba, akiingia wote wananyamaza. Mbona hakuna anayemlilia?

Binti Nansio: Mlilie wewe. Mkeo akiuliza, mwambie ni fasihi.