Mrejesho: Saadani kwa ndege ndogo kutoka Zanzibar

Wakuu wa Bagamoyo na Pangani, asanteni sana. Niliuliza kama Hifadhi ya Taifa ya Saadani inafikika kwa ndege, na mzigo uweje. Inafikika, ila ndege ndogo ya Cessna Caravan ina masharti: kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi. Begi liwe laini, lisilo na fremu wala magurudumu, kwa sababu mizigo huingia chini ya tumbo la ndege na milango ya pale ni midogo. Sanduku gumu linaweza kubaki hata kama ni jepesi.

Masika msiende. Uwanja hauna lami, na udongo mweusi wa kule ukilowa unateleza na kunasa matairi. Ndege ikitua salama, gari la kuwapokea ndilo litakwama. Juni hadi Oktoba ni salama zaidi.

Boti ya mto Wami ichukueni asubuhi: viboko, mamba, ndege wa mikokoni. Mbung'o huvutwa na bluu iliyokoza na nyeusi, vaeni kaki. Kiingilio si pesa taslimu; ombeni namba ya malipo mlipe mapema. Kwa kasa wanaotaga ufukwe wa Madete, hukohuko hifadhini, tochi nyeupe na flashi marufuku, kasa jike hughairi kutaga akarudi baharini.