Mjadala: Kioo cha dashibodi ni cha mwenye gari au cha kiwanda?

Usukani Mmoja
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana mawe. Mwaka 2023 General Motors (GM), wale watengeneza magari wa Marekani, walitangaza kwamba magari yao mapya ya umeme hayatakuja tena na CarPlay ya iPhone wala Android Auto ya simu za Android. Yaani ule utamu wa kuingia garini simu ikiwa mfukoni, ramani na muziki wako vikajitokeza vyenyewe mbele yako, kwao ndiyo basi. Utumie mfumo wao, utake usitake. Tesla nao wameuza magari miaka nenda rudi bila kitu hicho. Swali: kioo cha gari ni cha nani? Nimelipa gari zima, nasema ni changu. Nyie mnaonaje?

Mpiga Honi
Nimesoma kichwa cha habari nikadhani wamekuvunjia kioo cha mbele. Nilishaanza kuandika pole.

Fundi Redio
Kabla ya kulaumiana tujue kinachofanyika humo ndani. Watu husema "Bluetooth inasumbua" kwa kila kitu. Kwenye hii mifumo isiyo na waya, Bluetooth kazi yake ni kutambulisha tu, simu na gari zisalimiane. Wakishajuana, picha na sauti vinahamia kwenye Wi-Fi ya gari lenyewe, kwa kuwa Bluetooth haina ubavu wa kubeba picha ya kioo kizima. Ndiyo maana simu inachemka: inasoma setilaiti za ramani, inarusha picha, inavuta data, na wewe umeilaza kwenye chaja isiyo na waya inayoipasha moto zaidi. Mimi natumia waya, sina shida na mtu. Anayekatiwakatiwa achomeke waya, mambo yaishe. Na anayeogopa simu yake kuungana na gari la familia, huyo tujue ana ya kuficha 😂

Gia ya Nne
Fundi, habari za Wi-Fi sizipingi. Hiyo "ana ya kuficha" ndiyo imenikera. Mimi nilimpa lifti bosi wangu. Simu ikaita, gari likapokea, nikasikia "tunakupigia kuhusu majibu ya vipimo vyako" kwenye spika zote nne, na ya nyuma ndiyo yenye besi. Bosi akageuka kuangalia nje kama vile kuna tembo anapita. Nilikuwa na ya kuficha? NDIYO. Afya yangu. Si kila siri ni ya kitandani.

Fundi Redio
Pole sana dada, ulikuwa utani tu. Siku nyingine kuna alama pale kwenye kioo ya kurudisha sauti kwenye simu, unagusa mara moja.

Gia ya Nne
Niguse alama huku niko kilomita 80 kwa saa na bosi pembeni? Halafu dada ni nani? Mimi ni baba wa watoto watatu.

Mpiga Honi
😂😂😂 Fundi, chomeka waya mambo yaishe.

Breki Tayari
Mnacheka, lakini Gia ya Nne kagusa jambo zito bila kujua. Kuna utafiti wa chuo cha Utah kule Marekani, nadhani wa 2015, uliosema mtu akishatoa amri kwa sauti, akili hairudi barabarani papo hapo. Inachukua mpaka sekunde 27. Mikono iko kwenye usukani, macho yako mbele, mtu mwenyewe hayupo. Kwa mwendo huo wa 80 zidisha mwenyewe uone umekwenda umbali gani.

Mwalimu Chaki
Nimezidisha. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 na kitu kwa sekunde. Mara 27 ni kama mita 600.

Usukani Mmoja
Sawa, lakini huo ni ushahidi wa nini hasa? Mfumo wa kiwanda nao unaongeleshwa kwa sauti. Wanaotaka kuninyang'anya CarPlay hawaniambii nisiongee, wananiambia niongee na wao. Mkubwa mmoja wa GM alidai eti inakatikakatika, dereva anaishia kushika simu, kwa hiyo waiondoe kwa usalama. Ukiondoa kabisa si ndiyo nitaishika zaidi?

Breki Tayari
Hujajibu hoja. Umejibu GM.

Usukani Mmoja
Mada ni GM!

Kanyaga Twende
Usukani, ndugu yangu, fuata pesa. BMW waliwahi kuwatoza wateja ada ya kila mwaka ili CarPlay iendelee kufanya kazi kwenye gari ambalo mtu keshalinunua. Wateja walipiga kelele, 2019 wakaiacha ada hiyo. Viwanda vilijifunza kwamba kulipia kilichozoeleka watu hawakubali. Basi ukiondoe, halafu uuze cha kwako.

Jino la Buluu
Kwa wasiojua, hilo jina Bluetooth ni la mfalme wa Norway aliyekuwa anakula matunda mpaka jino likawa la buluu. Ile alama ni herufi zake.

Mwalimu Chaki
Mfalme wa Denmark, kijana. Harald, karne ya 10, ingawa Norway nayo aliishika kwa muda. Alama ni kweli, ni H na B za maandishi ya kale ya huko, zimeunganishwa. Hayo ya matunda ni hadithi. Jina lilitolewa na mhandisi wa Intel miaka ya 1990, liwe la muda tu mpaka lipatikane la maana. Halikupatikana.

Jino la Buluu
Mimi nilisoma Norway.

Mwalimu Chaki
Ulisoma Norway, au ulisoma kuhusu Norway?

Mpiga Honi
Mwalimu amestaafu lakini fimbo haijastaafu.

Turudi kwenye siri. Nilinunua gari la mkononi, nikawasha redio, nikakuta simu nne za watu bado zimo kwenye kumbukumbu. Moja inaitwa "Simu ya Baba Mkwe". Na majina yao yote yamo, namba zimejaa, na waliopigiwa mwisho. Kuna jina limeandikwa USIPOKEE KABISA. Kila nikipata foleni natamani kupiga.

Gia ya Nne
Usipige!! Hao ndio watu ninaowasemea. Baba Mkwe hakujua kwamba alipobonyeza "ruhusu" siku ile, gari lilinakili daftari lake lote la namba.

Kanyaga Twende
Kuna kubwa zaidi ya Baba Mkwe. Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walipitia sera za faragha za kampuni 25 za magari mwaka 2023. Zote 25 zilifeli. Walisema hawajawahi kukagua bidhaa mbaya kuliko magari kwa faragha. Usukani, unalilia kioo wakati gari zima lina masikio.

Usukani Mmoja
Hapo unanisaidia mimi! Kama kiwanda hakiaminiki, bora ramani zangu zibaki kwenye simu yangu.

Kanyaga Twende
Na kampuni ya simu ni shemeji yako?

Usukani Mmoja
Angalau simu naweza kuizima. Gari nikilizima nitatembea kwa miguu.

Fundi Redio
Gia ya Nne, kaka, nisamehe kwa lile la udada. Kwenye siri nimekubali nusu. Lakini kosa la hao wanne si la teknolojia, ni la muuzaji. Unauza gari, unatoa mikeka, unatoa mpaka manukato ya kwenye kioo cha kutazama nyuma, namba 300 za watu unaziacha?

Gia ya Nne
Aliyeuza hakujua zimo. Mngemwekea swali kubwa kwenye kioo: "Unauza gari? Futa yote." Hamweki, kwa sababu mafundi mnadhani kila mtu anajua alama iko wapi.

Fundi Redio
"Mngemwekea" nani? Mimi nafunga spika tu.

Breki Tayari
Kwa hiyo zile mita 600 tumeziruka?

Mpiga Honi
Jamani kwa kweli, kufuta unaingilia wapi? Dhamiri imeanza kunisuta kuhusu Baba Mkwe.

Fundi Redio
Mipangilio, kisha vifaa vilivyounganishwa, unafuta kimoja kimoja. Usiguse ile ya chini ya kurudisha mfumo kama ulivyotoka kiwandani, isipokuwa unauza.

Mpiga Honi
Nimegusa ya chini.

Gia ya Nne
Umefanya vizuri. USIPOKEE KABISA amepona.

Mpiga Honi
Yote yamefutika, na yangu pia. Sasa kioo kimeandika lugha sijui ya wapi, na simu haitaki kuungana tena. Fundi?

Fundi Redio
Chomeka waya.