Rangi ya heda inabambuka kila nikipanda Kericho, nipake nini?

BoxaWaMamboleo
Wakubwa, salamu kutoka Kisumu. Naomba ushauri, na ikiwezekana niupate kabla ya wikendi.

Nina Subaru Legacy, injini ya EJ20 isiyo na tabo. Heda ya kiwanda, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka injini, ilipasuka, nikawekewa nyingine, na tangu hapo rangi haikai. Nilianza na ya kopo, ile ya fedha inayoandikwa kuwa inastahimili joto, kisha nikajaribu nyeusi. Nikizunguka mjini haina neno. Nikipanda tu kutoka Ahero kwenda Kericho, nikishuka na kuchungulia chini ya gari nakuta imevimba na kutoka magamba, hasa kwenye kona zilizo karibu na hedi ya silinda. Chini ya magamba kuna unga mweupe. Tena kuna harufu inayoingia ndani nikiwa nimebeba watoto, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Njia ninazoziona ni tatu: kopo lingine la bei ya juu, kuipeleka Nairobi ipigwe ngozi ya seramiki ya kuzuia joto, au kuizungushia bandeji ya ekzosi, kile kitambaa cha kuzuia joto. Ipi itadumu? Tafadhali msiniambie nitafute heda ya kiwanda. Hilo nimeshalifikiria na haliwezekani.

DerevaWaSalgaa
Mlima huo naujua. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Kericho inakaribia 2,000, na hapo bado hujafika Mau Summit. Usiku mmoja nikiwa na mzigo wa simiti nilisimama pale juu, manifoldi ikawa nyekundu kabisa. Tanboi wangu akadhani tunaungua, akaruka na mtungi wa maji. Nilimshika shati kabla hajamwaga, maana chuma kilichoiva vile ukikimwagia maji baridi kinapasuka papo hapo. Kijana alinuna mpaka Nakuru. Mambo ya rangi sina ujuzi nayo, lori hatupaki.

PistoniYaNakuru
Funga bandeji, maliza kazi. Mimi nimefunga kwenye Impreza ninayoenda nayo mashindano ya autokrosi na joto chini ya boneti limepungua sana. Iloweshe maji kwanza, ivute vizuri wakati wa kuzungusha, kila mzunguko ulale juu ya mwenzake kiasi, ufunge kwa klipu za chuma cha pua. Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi mwingi, usiogope. Na uvae glavu, ile nyuzi inawasha ngozi vibaya.

MwalimuWaMilimani
Ninyi vijana mkishabadilisha heda lengo huwa ni kelele tu. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009, lakini usiku barabara ya Kakamega hatulali. Ila nimesoma kuwa watoto wananusa harufu ndani ya gari. Mzazi, rangi ya heda ndiyo shida yako ya kwanza kweli? Hiyo gari isibebe mtoto mpaka ujue harufu inatoka wapi.

BoxaWaMamboleo
Mwalimu, gari langu halina kelele, sailensa ni ile ile ya kiwanda. Na watoto ndio sababu ya kuuliza.

Pistoni, asante, bandeji naiona rahisi.

ChemiYaRangi
Bandeji usifunge bado. Pistoni anaendesha Jumapili kwenye vumbi, gari likitoka pale linapumzika. Wewe uko kwenye mvua ya Kericho, na heda za Subaru ziko chini ya injini, zinarushiwa maji na matope ya barabara moja kwa moja. Bandeji inanyonya maji na kuyashika kwenye chuma, na chuma cha kawaida kinaoza ndani yake bila wewe kuona. Zaidi ya hapo inazuia joto lisitoke, kwa hiyo bomba lenyewe linakuwa moto zaidi kuliko likiwa wazi.

Mimi ni mpaka rangi hapa Nakuru. Kuhusu rangi ya kopo, wengi wanaipaka na kuondoka. Rangi hizi zina utomvu wa silikoni, na haukomai kwa jua wala kwa kukauka usiku kucha. Unakomaa kwa moto, tena kwa hatua. VHT Flameproof, kwa mfano, inaandikwa kuvumilia hadi digrii 1,093 kwa vipindi vifupi, lakini hiyo ni baada ya kuichoma: nyuzi 121 kwa dakika 30, ipoe, 204 kwa dakika 30, ipoe, kisha 316 kwa dakika 30. Kama huna oveni ya gereji unaichomea kwenye gari: injini iungurume bila kukanyaga mafuta dakika 10, zima ipoe 20, washa 20, ipoe 20, halafu 30. Soma kopo lako, kila kampuni ina ratiba yake. Wewe ukipaka jioni na kupanda Kericho asubuhi, umeipa moto wa mwisho kabla ya ule wa kwanza. Na oveni ya jikoni isitumike kabisa, zile hewa hazifai kukutana na chakula.

Kabla ya hapo ni usafi. Chuma kipigwe mchanga kwa kompresa, mwenye kupiga avae barakoa ya maana kwa sababu vumbi la mchanga linaharibu mapafu moja kwa moja. Kisha futa kwa asetoni kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke cheupe. Kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuinua rangi mahali pale pale, na ukiangalia gamba likibambuka utaona limetoka kwa umbo la kidole. Paka mikono, yaani tabaka, miembamba, usimwage.

Sasa nijibu: heda yako ni ya chuma gani? Huo unga mweupe haunipendezi. Kutu ya chuma ni nyekundu.

BoxaWaMamboleo
Ni chuma cha kawaida tu mkubwa. Fundi aliyeitengeneza ni mzoefu, kona zote zimekaa sawa. Labda unga ni mabaki ya rangi ya kwanza. Kwa hiyo nikifuata ratiba ya moto seramiki si lazima?

KakaWaWebuye
Mimi seramiki naiunga mkono. Binamu yangu yuko Nairobi, alipeleka za Mark X, zikapigwa ndani na nje, sasa ni mwaka wa pili zinang'aa. Mwenyewe alinieleza ile ya kung'aa ina mwisho wake, kama nyuzi 700 hivi, na ile ya kijivu isiyong'aa ndiyo ya moto mkali. Alipoiuza hiyo Mark X alilia. Gari lilikuwa zuri jamani.

FundiMoto_Kondele
Boxa, Chemi amekuuliza swali na hujajibu. "Chuma cha kawaida" si jibu. Nachomelea kila siku, kwa hiyo nijibu haya. Kona za hiyo heda zimekunjwa au ni kona za kununua dukani zenye nyuzi za skrubu? Chuma kabla ya kupakwa kilikuwa cheusi au cha fedha chenye madoa madoa? Na fundi alipoichomelea, moshi ulikuwa wa rangi gani?

BoxaWaMamboleo
Moshi ulikuwa mweupe, mwingi. Kona sikumbuki.

FundiMoto_Kondele
Na fundi mwenyewe alilalaje usiku ule?

BoxaWaMamboleo
Umejuaje? Alitetemeka usiku kucha, homa kali, kichwa, mdomo anasema una ladha ya sarafu. Tukasema ni malaria, si mnajua huku kwetu. Akapimwa asubuhi hospitali, hakukutwa na vijidudu. Siku iliyofuata alikuwa mzima anafanya kazi.

Sawa, niseme yote. Fundi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alitumia paipu ya maji, ile ya GI yenye ngozi ya zinki, na kona za GI. Heda ya kiwanda iliyotumika niliambiwa bei nikaona siwezi, naye akasema atanifanyia bure. Alifunga kazi za watu ili anifanyie yangu. Siwezi kumwendea nimwambie atoe. Tena nimeshatuma malipo ya awali Nairobi kwa seramiki, kwa hiyo naomba mnisaidie nipake vipi juu yake. Paipu ni nene, nzito, haitapasuka leo wala kesho.

FundiMoto_Kondele
Nilijua. Homa ile ni ya moshi wa zinki, wachomeleaji wote wa mageti wanaijua. Inakuja saa kadhaa baada ya kazi, kama malaria, inaisha ndani ya siku moja au mbili. Mwambie shemeji asiirudie, na akikutana na GI tena aisage zinki mbali na sehemu ya kuchomelea, akiwa nje, upepo ukitokea nyuma yake.

Sasa heda. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419. Paipu ya GI haitakiwi kukaa kwenye moto unaozidi nyuzi 200 siku zote, hata kabla haijayeyuka ngozi yake inaanza kuachana na chuma. Heda ikipanda mlima karibu na hedi inapita hapo mbali. Kwa hiyo unapaka rangi juu ya kitu kinachoyeyuka. Kopo la bei yoyote litatoka. Seramiki nayo itatoka, na utakuwa umepoteza pesa nyingi zaidi.

Jaribu hili uamini: mwambie shemeji aichome sehemu moja kwa gesi, nje. Unga ukiwa moto utaonekana wa njano. Ukipoa unarudi mweupe. Hiyo ndiyo zinki iliyoungua.

KakaWaWebuye
Samahani, mimi hii stori siiamini tena. Kwanza heda ya "chuma cha kawaida", sasa GI, sasa shemeji, sasa malaria isiyo malaria, na fundi anatabiri mpaka homa ya mtu. Halafu EJ20 ina milango ya moshi chini, pande mbili, sasa mtu ataunganisha vipi kona za bomba la bafu mpaka zikutane? Nahisi Boxa na FundiMoto ni mtu mmoja, na kesho tutaambiwa kuna duka la rangi Kondele. Mnatuchezea.

PistoniYaNakuru
Na mimi nimeanza kushangaa. Weka picha.

DerevaWaSalgaa
Hata ikiwa ya kutunga, ile ya homa ni kweli. Ndugu yangu ni mchomeleaji wa mageti, alidhani amerogwa.

BoxaWaMamboleo
Picha siweki, namba ya gari na uso wa shemeji vyote vimo. Lakini Kaka, njoo ulale chini ya gari na mimi. Kila upande milango miwili inatoka kwenye flanji moja, lile bamba linalofungwa kwenye injini, flanji zenyewe ni zile za kiwanda, alizikata kutoka heda iliyopasuka. Kutoka hapo ni kona, kipande kifupi, kona nyingine, kisha zinakutana chini ya sampu ya oili kwenye bomba moja. Kona ya upande wa dereva bado ina herufi za kiwanda cha paipu, zimechomoza, na nyuzi za skrubu zinaonekana nusu kwa sababu weldi haikuzijaza. Mimi sina duka. Nina watoto na harufu ndani ya gari.

Na jioni hii nimemwomba shemeji aichome kwa gesi. Imekuwa njano. Ikapoa ikawa nyeupe. Alinyamaza kwa muda, akasema tu, "Kumbe."

KakaWaWebuye
Hizo nyuzi ambazo weldi haikujaza, hapo panavuja. Haya, naamini. Pole.

MwalimuWaMilimani
Na moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu hata kidogo. Harufu unayoisikia ni bahati yako. Watoto waende na matatu kwanza. Nasema hivi kwa upendo.

ChemiYaRangi
Mwalimu amesema kweli. Chunguza kwenye flanji na kwenye hizo nyuzi: panapovuja pana masizi meusi yaliyochorwa kama mshale. Angalia pia gasketi ya tapet kava, mfuniko wa vali za injini. Subaru nyingi huvujisha oili pale, inadondokea heda, inaungua, na hiyo harufu huingia ndani kupitia hewa ya dashibodi. Ukiweka heda mpya chini ya gasketi inayovuja, oili itakula rangi tena.

Kuna anayeweza kukuambia uitoe zinki kwa asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae. Inawezekana, inachemka mpaka mapovu yaishe, halafu suuza, lowesha kwa maji ya magadi, kausha, upake siku hiyo hiyo kabla ya kutu. Ila mapovu yale ni haidrojeni, sigara isikaribie, na asidi hiyo isikutane na Jik hata tone, inatoa gesi ya klorini. Kwa heda yako sikushauri. Ndani kuna zinki pia, na weldi ziko juu ya zinki, zina matundu.

Piga simu Nairobi, uwaambie ukweli kuwa ni GI, uombe wakushikie hayo malipo kwa heda nyingine.

BoxaWaMamboleo
Shemeji mwenyewe ndiye amesema anatengeneza upya. Anataka kutumia paipu nyeusi, anauliza atajuaje dukani kuwa si GI iliyochafuka, maana sumaku inashika zote mbili.

FundiMoto_Kondele
Akwaruze kwa tupa mpaka chuma kionekane. Ile nyeusi ngozi yake ni nyembamba na giza, chini ni chuma kijivu mara moja. GI inakwaruzika laini, inang'aa, na tupa inajaa unga wa fedha. Akate kipande kidogo akichome kwa gesi pale nje ya duka kabla ya kulipa. Wenye duka Kibuye wamezoea. Kona anunue za kuchomelea, zisizo na nyuzi. Flanji za kiwanda azisage upande wa gasketi zilale sawa kwenye kioo.

DerevaWaSalgaa
Na akimaliza asipake siku hiyo. Aendeshe kwanza mjini, akaze boliti zikiwa zimepoa, aone kama kuna masizi. Ukishapaka huwezi kuchomelea tena bila kuanza upya.

ChemiYaRangi
Hapo dereva amenipita. Fanya hivyo. Ukiwa tayari kupaka niandikie, nitakupa namba ya msasa na muda wa kila mkono.