Ziara ya Coldplay ya viwanja: mfano wa kufuatwa, au ziara hizi zifutwe?

Nyuzi Sita: Wakuu, mwaka 2019 Coldplay, bendi ya Uingereza, walisema hawazunguki tena dunia mpaka wapate namna isiyoumiza mazingira. Machi 2022 wakaanzia Costa Rica. Juni 2024 wakatangaza kwamba hewa ukaa inayotoka moja kwa moja kwenye ziara imeshuka asilimia 59 kwa kila onyesho, ukilinganisha na ziara yao ya 2016 na 2017. Wataalamu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakazipitia hesabu. Je, bendi zote zifuate njia hii, au ziara za viwanja zifutwe kabisa?

Bi Kipaza: Zifutwe. Hiyo 59 haimhesabu shabiki aliyepanda ndege kwenda kuwaona, na moshi mwingi uko hapo. Halafu zile baiskeli wanazokanyaga mashabiki uwanjani kuzalisha umeme ni danganya toto. Mtu mzima akikanyaga mpaka jasho litoke anatoa wati 100 hivi. Birika la umeme linakula 2,000. Watu ishirini wahenyeke ili maji ya chai yachemke!

Kanyaga Twende: Danganya toto? Mimi nilikanyaga uwanja wa Wembley, London, Agosti 2022. Mapaja yaliwaka moto. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja na binti yake, hatujuani, tunahimizana tusiache. Tangu siku ile siachi taa ikiwaka chumba kitupu. Leo unaniita mtoto?

Bi Kipaza: Kaka, nimesema baiskeli, sijakutaja wewe.

Kanyaga Twende: Aliyedanganywa ni nani, kama si aliyekanyaga?

Fundi Nyaya: Ngojeni kwanza. Coldplay wenyewe wanasema sola, sakafu zinazotoa umeme mashabiki wakizirukia, na baiskeli kwa pamoja hutoa kama uniti 17 kwa onyesho. Zinatosha lile jukwaa dogo la katikati ya mashabiki, na mafundi wanachaji simu na zana zao. Kwa jenereta hizo ni lita tano hivi za dizeli. Kwa hiyo kwenye baiskeli dada yuko sahihi.

Ila ninyi mnagombania baiskeli, wakati jambo lenyewe ni betri. Nimefunga majukwaa miaka tisa. Jenereta huwashwa alfajiri na haizimwi mpaka boksi la mwisho lipande lori. Kuna saa nzima kinachotumia umeme ni taa mbili za kazi na feni, nayo inaunguruma vilevile, inakunywa mafuta. Tunakula tumesimama, wali unanuka dizeli. Usiku ukipenga kamasi, kitambaa kinatoka na masizi. Hawa Coldplay wameunganisha betri za magari ya umeme ya BMW i3 zikawa ghala la umeme. Kazi ikipungua, betri inanyamaza. Bendi yoyote ikija na kitu hicho, mimi nitaipokea kwa mikono miwili.

Kanyaga Twende: Umeona? Hata fundi anawasifu.

Bi Kipaza: Amesifu betri! Soma tena alichosema kuhusu baiskeli.

Nyuzi Sita: Jamani, na zile bangili za kuwaka taa wanazovaa mashabiki? Zimetengenezwa kwa mimea, na watu huzirudisha mwisho wa onyesho, 86 katika kila 100.

Bi Kipaza: Bangili sina ugomvi nazo. Hoja yangu ni safari za watu. Massive Attack, kundi jingine la Uingereza, walipopiga mji wa Bristol, Agosti 2024, waliwauzia tiketi kwanza watu wa karibu, maegesho ya magari hayakuwepo, na jukwaa lote likaendeshwa kwa betri. Hao waliugusa mzizi.

Fundi Nyaya: Lakini hilo ni onyesho moja, dada, nyumbani kwao. Kuzunguka dunia ni kitu kingine.

Bi Kipaza: Ndiyo maana nasema wasizunguke.

Kanyaga Twende: Na wa mbali tusiwaone milele? Na bado hujaniomba radhi.

Bi Kipaza: Kwa neno "toto", nisamehe kaka, sikukusudia wewe. Kwa birika sirudi nyuma.