Ukoo wa Mtambwe: bastola ya .22 kwa dola 400

Kassim (Ohio): Assalaam aleikum ukoo. Ami Hamad, Da Mwanaisha, n'na suali lenu nyinyi wawili. Nataka bastola ya .22 (upana wa risasi yake, inchi 0.22) ya kulengea karatasi na makopo tu siku za mapumziko. Mfuko wangu dola 400 na humo humo kila kitu: risasi, vizibo vya masikio, miwani. Madukani majina chungu nzima, sijui nishike lipi.

Bi Time: Waaleikum salaam. Bastola ya nini tena mwanangu, huko kuna vita?

Juma: Bibi ni mchezo, kama yule Mturuki wa Paris aliyetia mkono mfukoni 😎

Ami Hamad: Waaleikum salaam. Juma, Yusuf Dikeç mwaka 2024 alishika bastola ya upepo, masafa ya mita 10, baruti haimo. Za .22 kwenye Olimpiki ni zile za mita 25, ya wanawake na ile ya mipigo ya haraka ya wanaume. Ya mita 50 waliiondoa baada ya Rio 2016. Bi Time, hii ni silaha ya moto kweli, ila risasi yake ndogo na teke lake dogo. Ndiyo watu wanayojifunzia.

Da Mwanaisha (Texas): Kabla ya majina ya bastola. Kassim, kadi yako ya ukaazi ishatoka?

Kassim (Ohio): Ishatoka. Umri 27. Nakwenda na Said ninayekaa naye, yeye yupo kwa viza ya masomo.

Da Mwanaisha (Texas): Wewe huna tatizo. Kwa muuzaji mwenye leseni bastola ni kuanzia miaka 21, utajaza fomu ya 4473, watakutazama kwenye mfumo wa serikali, ukipita unalipa unachukua. Andika jina na anuani kama zilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Said ASIIGUSE. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki au kushika silaha na risasi, hata ya kukodi pale renji, uwanja wa kulengea shabaha. Kuna misamaha michache, kama mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini hilo akaulize wakili, asiulize kikundi cha ukoo. Na wewe ukimkabidhi huku unajua, kosa ni lako pia. Mtu anaweza kupoteza viza kwa kupiga kopo.

Kassim (Ohio): Alaa! Basi Said atabaki nyumbani apike.

Ami Hamad: Na mie niongeze la huku nyumbani. Ukija likizo, begi ulilowahi kulitilia risasi usilisafirie. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono ikionekana uwanja wa ndege, hiyo ni kesi.

Juma: Kwani kwa nini .22 na sio 9mm kama za kwenye filamu?

Ami Hamad: Pesa kwanza. Ya .22 huko inakwenda kama senti 7 mpaka 10, ya 9mm ni mara tatu yake hivi. Mwenye kujifunza anahitaji mipigo mingi, hahitaji kishindo.

Halafu umbile lake. Risasi ya 9mm fataki yake, ile inayowasha baruti, imo katikati ya kitako. Ya .22 fataki imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko wote, na pini ya bastola inauponda ule ukingo. Ndiyo maana ganda lake halijazwi tena, likishalia ni taka. Na ndiyo maana hazikosi kuwamo zisizolia: fataki haikuenea vizuri, pini ikaangukia pahala patupu. Mtu akiigeuza kidogo akapiga ukingo mwengine, mara nyingi inalia. LAKINI isipolia, mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha sekunde 30 kamili kabla ya kuifungua. Wakati mwengine moto unachelewa, hauzimi.

Kassim (Ohio): Nimefahamu. Sasa majina.

Da Mwanaisha (Texas): Ungekuwa na pesa zaidi ningesema Ruger Mark IV 22/45 halafu tukalale. Kitufe kimoja nyuma, inafunguka kama kitabu, unapitisha brashi kutoka nyuma ya mtutu, unafunga. Mtutu wake hauchezi, kilengeo cha nyuma unakirekebisha. Ila mpya inakaribia au inapita dola 400 peke yake.

Ami Hamad: Kuukuu je? Wamarekani wanauza sana mitumba ya Ruger.

Da Mwanaisha (Texas): Kuukuu ina mambo mawili, Ami. Mark IV zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 ziliitwa zirudi kiwandani: sefti (kizuizi cha kupiga) ikikaa katikati, si juu si chini, ukavuta triga (kifyatulio), halafu ukaisukuma sefti kwenye moto, bastola inaweza kulia yenyewe bila ya kidole. Nambari zake zinaanza na 401 au WBR. Ukiiona dukani muulize kama ilirudi kutengenezwa. Jibu likiwa la kusuasua, iwache.

La pili ni Mark II na Mark III. Zinapiga vizuri mno, lakini kuzifunga baada ya kuzisafisha ni mtihani. Kijiti cha nyundo lazima kianguke mahala pake kwenye nyumba ya springi, ukiwa umeinamisha bastola kwa pembe yake. Kikienda kando, boliti (kile chuma cha ndani kinachokwenda nyuma na mbele) hairudi wala haitoki. Watu wanatia kwenye mfuko wanapeleka kwa fundi vipande vipande 😂

Kassim (Ohio): Hapana, hiyo si yangu. Nimeona na Browning Buck Mark, na Walther P22 rahisi kidogo.

Da Mwanaisha (Texas): Buck Mark triga yake nzuri kuliko zote tulizotaja, kwa maoni yangu. Kuifungua unahitaji funguo ya pembe sita, skrubu zake zina vipete vidogo kama punje ya mtama, kimoja kikiruka kwenye zulia umekwisha. Na bei iko pale pale pa Ruger.

P22 siipendi. Slaidi yake (chuma cha juu kinachorudi nyuma kila mpigo) ni aloi ya zinki, mtutu mfupi, kwa hiyo kosa dogo la mkono linaonekana kubwa kwenye karatasi. Ni ya kushika mkononi ukafurahi, si ya kujifunzia shabaha.

Ami Hamad: Mie ningempa ya silinda. Ruger Wrangler, ilitoka 2019, dola 200 na ushei. Risasi sita, unatia moja moja kupitia kijilango cha ubavuni, unatoa maganda moja moja kwa kijiti. Unavuta nyundo kwa dole gumba, unapiga. Haichagui risasi, ya polepole sawa, ya kasi sawa, kwa sababu haitegemei nguvu ya risasi kujipakia. Isipolia moja, ukishahesabu sekunde zako unavuta nyundo tena, silinda inaleta nyengine. Na inamfunza mtu utulivu, kwa kuwa kila mpigo una kazi yake.

Da Mwanaisha (Texas): Utulivu ndiyo, lakini vilengeo vyake, Ami? Mfereji tu uliochongwa juu ya fremu. Ikipiga chini kushoto utafanya nini?

Ami Hamad: Unabadilisha chapa ya risasi mpaka ikae. Au unalenga kando kidogo.

Da Mwanaisha (Texas): Mwanafunzi akilenga kando kidogo hatajua kosa ni lake au la bastola. Hapo ndipo mie ninapoikataa kwa mtu wa kwanza kujifunza. Kwa makopo, nakubali, tamu sana.

Juma: Na Heritage Rough Rider? Rahisi zaidi, nimeiona mtandaoni.

Ami Hamad: Rahisi kweli. Ina sefti ya pembeni mwa nyundo ambayo anayeanza anaisahau imefunga, anabofya, haipigi, anafikiri risasi mbovu. Baina ya hizo mbili ongeza dola chache uchukue Wrangler. Ile ina kipande cha kuhamisha pigo: nyundo haigusi pini mpaka triga iwe imevutwa, hata bastola ikianguka.

Kassim (Ohio): Basi Da Mwanaisha, wewe unanipa ipi kwa 400?

Da Mwanaisha (Texas): Taurus TX22. Nayo ilitoka 2019. Fremu ya plastiki, magazini (vikasha vya kutilia risasi) mbili za risasi 16, kilengeo cha nyuma kinarekebishika, saizi ya mkono mzima. Bei baina ya 250 na 300. Hesabu yangu:

bastola 270
kodi 20
risasi 40
vizibo vya masikio vya kufunika, sio vya sponji tu, 20
miwani 10
kifaa cha kusafishia 15

Jumla 375. Ada ya renji utalipa mbali.

Bi Time: Na watoto wa jirani wanaoingia hapo kwako kila siku? Itakaa wapi?

Da Mwanaisha (Texas): Ewaa Bi Time, hilo nililiruka. Zile 25 zilizobaki ni kisanduku cha chuma cha kufuli. Ndani ya boksi la bastola mara nyingi huja na waya wa kufuli, unapita kwenye slaidi iliyo wazi. Tumia vyote viwili, risasi ziweke chumba chengine. Sefti ya bastola si kufuli ya nyumba.

Bi Time: Hapo sawa.

Kassim (Ohio): Risasi za dola 40 ni zipi?

Ami Hamad: Boksi la CCI Mini-Mag, risasi 100, uzito greni 40 (kama gramu 2.6), kasi futi 1,235 kwa sekunde. Na boksi la Federal AutoMatch, 325, greni 40, futi 1,200. Mwanzo mwanzo tumia Mini-Mag, bastola mpya springi zake bado ngumu, inataka risasi yenye nguvu kuisukuma slaidi mpaka mwisho. Ikishalainika ndipo AutoMatch.

Ya polepole, ile ya futi 1,070, ni tulivu na inalenga vizuri, lakini kwenye bastola mpya ya kujipakia inaweza isimalize safari ya slaidi. Ile ya kasi iitwayo Stinger iwache dukani: greni 32, ganda refu kuliko kawaida, bei juu, karatasi haijali kasi.

Kassim (Ohio): Ikikwama nifanyeje? Video zote naona zinakwama.

Ami Hamad: Inategemea imekwama vipi. Soma kwa macho kabla ya kuvuta chochote, kidole nje ya triga, mdomo kwenye shabaha.

Ganda limesimama dede kwenye dirisha la kutolea: risasi dhaifu, au mkono umelegea. Slaidi inahitaji fremu iliyotulia ili irudi nyuma vya kutosha, mkono ukienda nayo inakosa nguvu. Kaza kifundo. Ikiendelea hata kwa Mini-Mag, tazama kikucha cha kutolea ganda, huziba nta na masizi.

Risasi imeinua pua ikagonga juu ya chemba (pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi), au imeinamisha ikagonga chini: magazini. Kitako cha .22 kina ukingo, na ukingo wa risasi ya juu lazima ukae MBELE ya ukingo wa ile ya chini. Ukiijaza kwa haraka, mmoja unapanda nyuma ya mwengine, zimefungana, haziendi. Jaza pole pole, kila risasi ishuke sawa, ukimaliza gonga mgongo wa magazini kwenye kiganja. Na usivute kile kibonyezo cha pembeni mpaka chini halafu ukazimwaga risasi ndani, hapo ndipo zinapochanganyika.

Da Mwanaisha (Texas): Na ile mbaya kuliko zote: mlio mdogo, "pff" badala ya "pah". SIMAMA. Risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili nyuma yake mtutu unavimba. Toa magazini, fungua, hakikisha chemba tupu, tazama mwanga upite kutoka nyuma. Huoni mwanga, mwite msimamizi wa renji.

Juma: Nyumbani anaweza kufanya mazoezi ya kubofya bila ya risasi?

Da Mwanaisha (Texas): Kwenye .22 tahadhari. Bila ganda mbele yake, pini kwenye baadhi ya bastola inagonga ukingo wa chemba na kuuacha kovu, halafu maganda yanaanza kung'ang'ania. Asome kitabu chake kinasemaje. Salama ni kutia risasi bandia, au vile vibomba vya plastiki vya njano vya kufungia skrubu ukutani, namba 4-6, vinaingia kwenye chemba. Vikichakaa unatupa. Risasi za kweli zisiwemo chumbani.

Mazoezi bora pale renji: mtu mwengine akujazie magazini, achanganye risasi bandia moja au mbili usijue zipo wapi. Ukibofya kwenye bandia bastola ikatumbukia chini, umejiona. Wengi wa mkono wa kulia mashimo yao yanakusanyika chini kushoto kwa hilo hilo. Usiguse kilengeo mpaka umejipima hivyo, karatasi mita 6 au 7, mipigo kumi kumi.

Kassim (Ohio): Makopo je? Hayo ndiyo ninayoyataka 😅

Ami Hamad: Makopo yakae mbele ya tuta la udongo, sio juu ya ukuta, sio kwenye mawe, sio chupa, na maji usiyapige kabisa, risasi inaruka juu ya maji. Ya .22 inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikikosa cha kuizuia. Vibao vya chuma ni mita 10 kwenda juu, na kibao chenye mashimo ukikiona usikipige, kinarudisha vipande vya risasi. Miwani hata kwa anayetazama.

Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na maji BARIDI kabla ya kula. Risasi hizi zina madini ya risasi (lead), na hayo ni sumu.

Kassim (Ohio): Na kusafisha baada ya kila mara?

Da Mwanaisha (Texas): Uso wa slaidi, kikucha na mdomo wa chemba, ndiyo, .22 ni chafu. Mtutu sio lazima kila mara, mipigo mia kadhaa ukiona inatawanya. Mafuta tone moja kila reli inayopita slaidi, ukizidisha yanakamata masizi yanakuwa uji. Na huko Ohio baridi ikianza, bastola iliyokaa kwenye gari ikiingia ndani inatoka jasho. Iache itulie, ipanguse, ndipo uifungie.

Kassim (Ohio): Nakwenda dukani Alkhamisi. TX22, Mini-Mag moja, AutoMatch moja, kisanduku.

Ami Hamad: Ukiishika dukani omba ruhusa kwanza ya kuvuta slaidi. Ivute pole pole, sikiliza kama inakwaruza. Tazama magazini zote mbili zinaingia na kuanguka zenyewe. Na weka risiti.

Da Mwanaisha (Texas): Na zitie alama magazini, 1 na 2. Ikikwama utajua ni bastola au ni ile namba 2.